Maswali ya Wasomaji: Kucheza Fantasi na Marafiki kwa Bajeti Yenye Kikomo

Barua zilizotufikia kuhusu mchezo wa fantasi, ambamo mtu hujiundia kikosi cha wachezaji halisi na kupata alama kulingana na wanavyocheza uwanjani, ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu, na karibu zote zinauliza mambo mawili kwa maneno tofauti: mtu ajenge vipi kikosi chenye nguvu kwa fedha zisizozidi kikomo, na marafiki waiendeshe vipi ligi yao isije ikaishia katika ugomvi. Nimechagua tano. Majibu yangu yanahusu mchezo rasmi wa Ligi Kuu ya England, Fantasy Premier League, ulioanza msimu wa 2002/03, usio na ada, na ambao ndio unaochezwa na wengi huku kwetu. Kanuni ninazozitaja ni za msimu wa 2025/26.

Swali: *Shikamoo, mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, na wenzangu wa bweni wamenishawishi nijiunge na ligi yao. Nimepewa pauni milioni 100 ninunue wachezaji 15. Nikiwachukua Salah na Haaland, naona fedha zinakwisha kabla sijapata mabeki wa maana. Hao wenye nyota wote wawili wanafanyaje?* Msomaji, Morogoro.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hakuna anayempata kila nyota anayemtaka, na utamu wa mchezo uko hapo hapo. Kikomo cha fedha kimewekwa ili aliyefuatilia soka miaka 30 na aliyeanza jana waingie sokoni na mfuko uleule, kisha kila mmoja aamue ni nani atamkosa. Ukiitazama bajeti kama orodha ya watu uliokubali kuwakosa, badala ya orodha ya watu unaowatamani, utaacha kuhangaika na mambo mengi.

Tufanye hesabu. Kikosi kina makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, na huruhusiwi kuchukua zaidi ya wachezaji 3 wa klabu moja. Milioni 100 kwa watu 15 ni wastani wa takriban milioni 6.7 kwa kila mmoja. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, Mohamed Salah aliuzwa kwa milioni 14.5 na Erling Haaland kwa milioni 14.0. Ukiwachukua wote wawili umetumia 28.5, na wale 13 waliobaki wanagawana 71.5, yaani 5.5 kila mmoja. Lakini si lazima wagawane sawasawa, kwa sababu katika kila raundi wanaohesabiwa alama ni 11 tu. Wanne wa benchi wanaweza kuwa wa bei ya chini kabisa: kipa wa 4.0, beki wa 4.0, kiungo wa 4.5 na mshambuliaji wa 4.5, jumla 17.0. Kumi na mmoja wa kwanza watabakiwa na 83.0, na ukishawatoa Salah na Haaland, tisa wengine wana 54.5, ambayo ni milioni 6 na kidogo kwa kila mmoja. Hivyo ndivyo wanavyofanya wenzako wenye nyota wote wawili.

Hasara yake huonekana siku beki wako anapoumia. Mchezo humwingiza mtu wa benchi badala ya mchezaji ambaye hakugusa uwanja kabisa, lakini kama wa benchi naye hachezi katika klabu yake, unaambulia sifuri. Kwa hiyo nakushauri angalau wawili kati ya wanne wa benchi wawe watu wanaoanza katika klabu zao kila wiki, hata kama ni klabu ndogo. Nusu milioni unayoongeza hapo itarudi.

Jambo la pili ni kwamba bei ya mwanzo wa msimu huangalia zaidi yaliyopita. Riyad Mahrez aliuzwa kwa milioni 5.5 mwanzoni mwa msimu wa 2015/16, na Leicester City walipotwaa ubingwa alikuwa amekusanya alama 240. Salah alipofika Liverpool mwaka 2017 bei yake ilikuwa milioni 9.0, akamaliza na alama 303. Msimu wa 2024/25 alianza kwa milioni 12.5, akafunga mabao 29, akatoa pasi 18 za mabao na kuweka rekodi ya mchezo kwa alama 344. Ukigawanya alama kwa bei, kila milioni ya Mahrez ilizaa alama zipatazo 44, ya Salah wa mwanzo kama 34, na ya Salah wa rekodi 27 na kidogo. Mchezaji aliyezaa zaidi kwa kila milioni ni yule ambaye soko lilikuwa bado halijamjua, na katika ligi za marafiki hushinda aliyempata mtu wa aina hiyo mapema.

Usije ukasoma hesabu hiyo ukadhani nyota ni hasara. Nafasi za uwanjani ni 11, huwezi kupanga watu 20 wa bei poa, na juu ya hayo kila raundi unamchagua nahodha ambaye alama zake huzidishwa mara mbili. Mchezaji ghali unayeweza kumpa unahodha wiki baada ya wiki analipa bei yake mara mbili. Mchezaji wa milioni 9 ambaye huthubutu kumpa unahodha ndiye anayekula fedha bure. Mimi kwa kawaida huanza na nyota mmoja mkubwa wa unahodha, viungo watatu wa bei ya kati, na mabeki wa bei nafuu kutoka timu zisizofungwa ovyo.

Angalia pia nafasi aliyosajiliwa mchezaji. Bao la mshambuliaji lina alama 4, la kiungo 5, la beki 6. Na timu isipofungwa, kipa na beki waliocheza angalau dakika 60 hupata alama 4, kiungo 1, mshambuliaji hapati kitu. Ndiyo maana Salah, aliyecheza mbele lakini akaandikishwa kama kiungo, alikuwa na thamani kubwa kiasi hiki. Msimu wa 2025/26 umeongeza neema kwa mabeki: anayefikisha jumla ya matendo 10 ya kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kunyang'anya mpira katika mechi moja hupewa alama 2. Mabeki wa kati wa timu zinazoshambuliwa sana, ambao zamani hakuna aliyewagusa, sasa wanastahili kutazamwa.

Swali: *Hujambo, ndugu mwandishi. Tuko kumi na wawili kazini. Mwaka jana tulianzisha ligi yetu, kila mtu akatoa shilingi mia tano, lakini ilipofika Januari nusu yetu walikuwa wameacha kupanga vikosi, na mwishoni kukawa na maneno kuhusu fedha na kuhusu wawili waliolingana alama. Tunataka kuanza upya. Tuanzie wapi?* Msomaji, Nakuru.

Jibu: Sijambo, ndugu yangu. Anzeni kwa kuandika. Kabla ya mechi ya kwanza, mmoja wenu aandike ukurasa mmoja wa makubaliano, autume katika kundi lenu la WhatsApp, na kila mmoja ajibu kwamba amekubali. Ligi nyingi nilizoziona zikivunjika zilivunjika kwa sababu kanuni ilitungwa baada ya tatizo kutokea, na kanuni inayotungwa wakati huo huwa tayari ina mshindi na mshindwa.

Kuhusu kulingana alama, mchezo wenyewe umeshaamua: katika ligi ya kawaida, aliyefanya uhamisho mchache zaidi ndiye anayewekwa juu, na uhamisho (kumtoa mchezaji mmoja na kumleta mwingine) uliofanywa kwa karata, yaani fursa maalumu za mchezo, za kubadili kikosi kizima hauhesabiwi. Mkitaka kutumia kigezo kingine, kwa mfano wagawane zawadi sawa, mwandike hivyo mapema.

Hao walioacha Januari si wavivu. Katika ligi ya kawaida alama hujumlishwa kutoka raundi ya 1 hadi ya 38, na mtu aliyeachwa nyuma kwa alama 200 haoni sababu ya kuamka Jumamosi kupanga kikosi. Kuna dawa mbili, na mnaweza kuzitumia pamoja. Ya kwanza ni ligi ya ana kwa ana, ambamo kila raundi mtu hupangiwa mpinzani mmoja. Ushindi una pointi 3 na sare 1, kama soka lenyewe. Aliye wa kumi na mbili bado anaweza kumfunga kinara wiki hii, na Jumatatu asubuhi ofisini hilo lina uzito wake. Kwa idadi yenu hakuna shida, kwa kuwa mko shufwa. Mngekuwa kumi na mmoja, kila raundi mmoja wenu angecheza dhidi ya wastani wa alama. Dawa ya pili ni kufungua ligi mpya inayoanza kuhesabu katika raundi ya 20. Anayeianzisha huchagua raundi ya kuanzia, huwapa wengine msimbo wa kujiunga, na kila mmoja huingia na kikosi chake kilekile akianza na sifuri. Gaweni zawadi kati ya nusu ya kwanza na nusu ya pili, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kulala.

Sasa fedha, ambazo ndizo zilizowagombanisha. Nilikuwa katika ligi moja ambayo michango ilikaa katika simu ya mtu mmoja kwa miezi tisa, naye akapatwa na dharura ya kweli ya ugonjwa nyumbani, akaitumia. Hakuwa mwizi, lakini urafiki wa watu wawili haujarudi mpaka leo. Tangu wakati huo nashauri mambo mawili. Kwanza, mchango ukusanywe na watu wawili, na taarifa ya salio itumwe kwenye kundi kila mwisho wa mwezi bila kuombwa. Pili, na hili nalipenda zaidi, fedha zisiwe za mshindi. Nunueni kikombe kidogo ambacho kitazunguka mwaka hadi mwaka, na zinazobaki ziwe za mlo wa pamoja siku ya raundi ya mwisho, wote kumi na wawili mkila sahani moja. Kwa wenzetu Waislamu, mchango unaochukuliwa na mshindi peke yake unaingia katika suala la kamari, na hilo si la kupuuzwa wala la kujibiwa na mwandishi wa michezo. Mlo wa wote unawaondolea mashaka hata kabla hawajamuuliza shehe wao.

Swali: *Assalaam alaykum. Tunacheza ndugu wanne, watatu tuko hapa Tanga na mkubwa wetu yuko Muscat. Mara mbili amechelewa kupanga kikosi, anasema saa zilibadilika. Kweli zinabadilika?* Msomaji, Tanga.

Jibu: Waalaykum salaam. Kaka yako anasema kweli, ila saa zinazobadilika ni za Uingereza. Dirisha la kupanga kikosi cha kila raundi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa sita na nusu mchana kwa saa za London hufunga dirisha saa tano asubuhi huko. Msimu unapoanza Agosti, wakati huo ni saa saba mchana kwenu Tanga na saa nane Muscat. Waingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kuanzia hapo ni saa nane Tanga na saa tisa Muscat, mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa hiyo atakayekosea ni yule atakayesahau mwezi Machi, dirisha linaporudi nyuma kwa saa nzima. Mkumbuke pia kwamba raundi ikianza Ijumaa usiku, dirisha hufungwa Ijumaa hiyohiyo. Mmoja wenu awe na kazi ya kutuma ukumbusho kila Alhamisi.

Swali: *Mwandishi, naongoza ligi yetu kwa alama za uwanjani lakini niko wa tano kwa sababu ya makato. Kila wiki nabadilisha watu watatu au wanne. Pia nilimnunua mchezaji kwa 7.5, akapanda hadi 7.8, nikamuuza nikapewa 7.6 tu. Hiyo si dhuluma?* Msomaji, Mwanza.

Jibu: Si dhuluma, dada yangu, ni kanuni, ingawa naelewa uchungu wake. Mchezaji akipanda bei, unapomuuza unapata nusu ya faida, na kinachozidi sehemu kamili ya 0.1 hukatwa. Faida yako ilikuwa 0.3, nusu yake ni 0.15; ukapewa 0.1. Angepanda hadi 7.7 tu, ungepewa 7.6 ileile. Lakini akishuka, hasara yote ni yako. Bei hupanda na kushuka kwa 0.1 kila mara kulingana na wangapi wanamnunua au kumuuza, na wapo wanaokesha wakifukuza mabadiliko hayo. Mimi siwafuati. Mikutano ya makocha na waandishi kuhusu majeruhi kwa kawaida hufanyika siku moja au mbili kabla ya mechi, na aliyenunua Jumanne ili kuokoa 0.1 mara nyingi husikia Ijumaa kwamba aliyemnunua amevuta msuli.

Makato ndiyo yanayokuangusha. Kila raundi una uhamisho mmoja wa bure, na kila unaozidi hukugharimu alama 4. Ukibadili watu wanne wakati una mmoja wa bure, umeanza raundi ukiwa na hasi 12. Jiulize kila mara: je, huyu ninayemleta atampita ninayemtoa kwa zaidi ya alama 4 katika mechi chache zijazo? Mchezaji aliyecheza dakika 90 bila kufanya lolote ana alama 2, na mshambuliaji au kiungo aliyefunga bao moja kwa kawaida hana zaidi ya 9 au 10 hata akipata za nyongeza, kwa hiyo alama 4 ni sawa na bao la mshambuliaji. Mabadiliko ya kulazimisha mara nyingi hayalipi.

Jifunze kuacha wiki ipite. Tangu msimu wa 2024/25 uhamisho usiotumika unaweza kulimbikizwa hadi 5. Zamani mwisho ulikuwa 2. Mwenye uhamisho mitatu au minne mkononi anaweza kusuka upya safu nzima ya ushambuliaji bila kukatwa hata alama moja, ratiba ya klabu fulani inapolainika. Zipo pia karata: ya kubadili kikosi chote moja kwa moja, ya kukibadili kwa raundi moja tu, ya kuhesabu alama za benchi, na ya kumzidisha nahodha mara tatu. Katika 2025/26 kila karata imetolewa mara mbili, na zile za nusu ya kwanza hupotea usipozitumia kabla dirisha la raundi ya 19 halijafungwa. Tumia ya kubadili kikosi chote unapoona watu sita au saba hawafai. Kwa wawili watatu, subira inatosha.

Swali: *Kwako mwandishi. Kundi letu lina watu wanane, na wiki hii saba kati yetu tuna nahodha mmoja! Tunataka mchezo ambao mchezaji niliye naye mwingine hawezi kuwa naye, lakini bajeti ibaki. Inawezekana?* Msomaji, Dodoma.

Jibu: Inawezekana, na kwangu mimi ndio mchezo mtamu kuliko yote: fanyeni mnada. Kaeni pamoja jioni moja kabla ya msimu, kila mmoja awe na vipande 100 vya kuhesabia, ambavyo si fedha za kweli, na nafasi 15 za kujaza. Kwa zamu, kila mtu hutaja jina la mchezaji, wote hupandisha bei, na anayefika juu humchukua awe wake peke yake. Hapa bei haiwekwi na waandaaji wa mchezo. Mnaiweka ninyi wenyewe kwa hofu na tamaa zenu, na kikomo kinabana kuliko kule kwenye programu.

Kanuni moja ni ya lazima: hakuna anayeruhusiwa kutaja bei itakayomwacha bila angalau kipande kimoja kwa kila nafasi iliyobaki. Mtu aliyenunua watatu kwa 60 amebakiwa na 40 na nafasi 12. Bei yake ya juu kabisa kwa anayefuata ni 29, kwa sababu 11 lazima zibaki kwa nafasi 11. Mteueni karani asiyenunua, au mpokezane ukarani, naye aandike kila ununuzi palepale. Angalieni pia makipa. Ligi ina klabu 20, kwa hiyo makipa wanaoanza ni 20 tu. Ninyi wanane mkichukua wawili wawili mmemaliza 16. Mkifika kumi hakuna anayesalia, hivyo idadi yenu ya sasa ni nzuri.

Katika mnada, nyota watatu wa kwanza kutajwa huuzwa ghali kupita kiasi, kwa sababu kila mfuko bado umejaa. Mwenye subira hutaja mapema majina makubwa ambayo hayataki, wenzake wamalize vipande vyao, kisha hukusanya wale wa daraja la pili wakati hakuna tena wa kushindana naye. Lakini asisubiri mno, kwa kuwa vipande visivyotumika usiku huo havifungi mabao.

Alama mnaweza kuzichukua kutoka mchezo rasmi, ambao huonyesha za kila mchezaji baada ya kila raundi. Na kwa kuwa mnada hauhitaji programu yoyote, nawashauri mwaka mmoja mjaribu kuufanya kwa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Klabu ni 16, kwa hiyo punguzeni nafasi ziwe 11 na kipa awe mmoja kwa kila mtu, na mtumie alama rahisi ambazo karani anaweza kuzijumlisha kwa daftari: bao, timu kutofungwa, na kadi. Wekeni kikomo cha wachezaji 3 kwa jumla kutoka Simba na Yanga, maana bila hivyo mwenye mfuko mrefu usiku ule atawachukua wengi wa klabu hizo mbili na msimu utakuwa umekwisha mapema. Kila mmoja aruhusiwe kuweka akiba ya vipande visivyozidi 10 kwa mnada mdogo wa dirisha la usajili la katikati ya msimu, wachezaji wapya wanapoingia.